Treni Mbili Mnadani Tinde

Gunia lilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, kila mmoja ameshika pembe yake. Bi Mwahija, anayeuza mitumba ya vitu vya watoto hapa Tinde, alikuwa amefungua robota lililotoka Kahama, akakuta chini ya midoli isiyo na vichwa matofali ya plastiki ya kuchezea. Mekundu, ya njano, ya kijivu, yale yenye vitufe juu ambayo hushikana yakipandishwa moja juu ya jingine. Palikuwa na magurudumu madogo pia, na vipande vya reli za plastiki. Akavijaza vyote kwenye gunia hilo.

Mimi niliyataka kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nilimaliza chuo mwaka juzi, ualimu wa fizikia, na wakati nikisubiri ajira ninafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya hapa. Kidato cha pili wanaweza kukariri maana ya gia bila kukosea hata neno moja. Lakini nilipowauliza kwa nini gia ndogo ikizungusha kubwa nguvu inaongezeka, darasa zima lilinitazama kana kwamba nimewauliza Mungu ana umri gani.

Aliyeshika pembe ya pili alikuwa Doto, dada wa rika langu mwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na stendi. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka minne Segese kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akiangalia injini na mikanda. Nilimuuliza yeye anayataka ya nini, nikitegemea atataja mtoto.

“Nataka kuona treni ikitembea,” alisema. “Mimi mwenyewe.”

Nikamweleza habari za wanafunzi, kwa sauti ile ninayoitumia nikiwa na hakika kwamba haki iko upande wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakuachia gunia.

Bi Mwahija si Msukuma, babu yake alitoka Tanga, lakini amezeeka hapa, na hukumu aliyotoa ilikuwa ya Kisukuma kabisa. Tugawane nusu kwa nusu, kila mmoja ajenge treni yake. Siku ya mnada wa mwezi ujao tuziweke uwanjani pande mbili na kuziwasha kwa wakati mmoja, kama Bagika na Bagalu wanavyoshindana kwa ngoma: makundi mawili, uwanja mmoja, saa ileile, hakuna jaji wala alama. Palipo na watu wengi ndipo penye ushindi. Ikilia adhana ya adhuhuri, yeye angetazama watu wamesimama wapi. Aliyeshindwa angeibomoa treni yake palepale na kumkabidhi mwenzake matofali yote na reli zote.

Reli ndizo zilizotuuma. Baada ya kugawana, kila mmoja alibaki na za nusu duara tu, na treni inayofika mwisho kisha inarudi kinyumenyume haikuturidhisha yeyote. Zikiunganishwa zote, zingefunga mzunguko kamili. Usiku nilikuwa nikiuona mzunguko huo nikifumba macho.

Nilijenga kwa wiki tatu. Mota niliitoa kwenye gari bovu la kuchezea, pamoja na rimoti yake. Kichwa cha treni nilikijenga kwa matofali mekundu matupu, nikakiwekea taa mbili za tochi, na ili kisiharibike sura nikazificha betri ndani ya behewa la pili. Kikiwa na mabehewa matatu kiliruka. Nilipoongeza la nne, magurudumu yalizunguka palepale kama ya gari lililokwama kwenye tope la mbuga wakati wa masika. Nikaongeza betri; yakazunguka palepale kwa kasi zaidi. Nikafanya hesabu, nikaandika kwenye daftari kwamba gurudumu la plastiki juu ya reli ya plastiki halina mshiko, na kwamba mwisho ni mabehewa matatu. Nikapiga mstari chini ya jibu.

Wanafunzi waliposikia habari za mashindano walitaka kuja kunishangilia. Niliwaambia waje, lakini kila mmoja asimame anapopenda, kwa sababu haki ni haki. Nadhani walinionea huruma.

Siku ya mnada ilipofika, vumbi la ng'ombe lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Tulipanga meza zetu mbili kwenye uwazi kati ya wauza kamba na wauza viatu, umbali wa hatua kama ishirini. Doto aliitazama treni yangu kwa muda mrefu, kisha akaanza uchokozi, maana mashindano ya namna hii bila uchokozi hayajaanza.

“Mwalimu, leo ukilia, utalia kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?”

Nikamwambia yake inaonekana imetoka kufungwa bandeji zahanati. Kweli ilikuwa hivyo. Rangi zimechanganyika ovyo, mota ya deki ya kaseti ya zamani imekaa juu kama nundu, na kila mahali vipande vya mpira wa tyubu vimezungushwa. Watu walicheka, naye akacheka.

Bi Mwahija akapunga kanga, tukawasha.

Dakika za mwanzo zilikuwa zangu. Treni yangu ilikimbia na kurudi, taa zinawaka, na kila nilipobonyeza rimoti watoto walipiga kelele. Wafanyabiashara wa ng'ombe waliacha kupatana wakaja. Mzee mmoja mwenye fimbo alisema hii inakimbia kama imeiba. Wanafunzi wangu wote walikuwa nyuma yangu. Upande wa Doto nilihesabu watu saba, na wawili kati yao walikuwa wauza viatu ambao wasingeweza kuondoka hata wangetaka.

Halafu wale saba wakanyamaza.

Nilitazama. Doto alikuwa amepakia kwenye behewa lake gololi ya karasha, yale madonge ya chuma yanayosaga mawe, kubwa kama chungwa. Treni ilikuwa inakwenda. Polepole mno, lakini inakwenda. Akaongeza ya pili. Ikaendelea. Mtu mmoja akasema kitu kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na watu wa kwangu kadhaa wakageuza shingo.

Nilijua haiwezekani. Nilikuwa na daftari linalosema haiwezekani. Matofali yake ni yaleyale, magurudumu ni yaleyale, yametoka gunia moja na ya kwangu, na gololi ile moja ilizidi uzito wa treni yangu nzima. Nikajiambia nitatazama mara moja tu. Niliweka rimoti mezani na kuvuka.

Nilichuchumaa mpaka macho yakawa usawa wa reli. Mota ilizungusha puli ndogo, puli ndogo ikavuta mkanda wa tyubu uliozungusha puli kubwa. Kwenye ekseli ya hiyo kubwa palikuwa na ndogo nyingine, nayo ikavuta kubwa ya pili. Ile mota ilikuwa inalia kwa mbio, lakini mbio zilipungua mara ya kwanza, zikapungua mara ya pili, na kwenye gurudumu ikafika nguvu tupu.

“Karasha halisagi kwa mbio,” Doto alisema, naye akachuchumaa upande wa pili.

“Lakini kuteleza? Kwa nini haitelezi?”

Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kila gurudumu la kichwa alilivalisha pete nyembamba ya tyubu. Na betri zote, nne, zilikaa juu ya magurudumu hayo, zikiyakandamiza.

“Uzito wako umeuweka wapi?” aliuliza.

Uzito wangu ulikuwa behewa la pili, ukivutwa badala ya kushikilia, kwa ajili ya urembo. Akaongeza gololi ya tatu. Mikanda ikanyooka kidogo, ikatetemeka, halafu behewa likasogea. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi. Nikamuuliza tyubu za baiskeli au za pikipiki, akasema za baiskeli, za pikipiki ni nene. Nikamuuliza alijuaje ukubwa wa puli. Alisema hakujua, alijaribu kumi na moja.

Adhana ikalia.

Niliinua kichwa nikakuta nimezungukwa. Mzee mwenye fimbo alikuwa begani kwangu. Wanafunzi wangu walikuwa wamepiga magoti mstari wa mbele, mmoja ameshika behewa la Doto kwa kidole. Walikuwa wameona mwenye treni ameiacha treni yake, wakahisi huku kuna jambo, wakanifuata. Kwenye meza yangu kulikuwa na rimoti, na mbuzi aliyekuwa amefungwa pale tangu asubuhi.

Bi Mwahija alikuja taratibu akiwa na kanga mkononi.

“Valerian, wewe umesimama upande gani?”

Nilitaka kusema mimi ni mshindani, sihesabiwi. Niliitazama miguu yangu.

“Kwenye ngoma,” alisema, “kiongozi akienda kutazama ya mwenzake, yake imekwisha.”

Akaenda kuswali.

Niliibomoa mbele ya darasa langu. Iliniuma kuliko nilivyodhani, hasa kile kichwa chekundu. Mwanafunzi wangu Rebeka aliniuliza kama sasa hakutakuwa na treni shuleni, nikamjibu kweli, kwamba hakutakuwa nayo. Doto alikuwa akipokea matofali na kuyapanga kwa rangi, hanichokozi tena. Nikamuuliza kama ningeweza kuwaleta wanafunzi kibandani kwake.

“Waje kumi kumi. Wakiungua mikono, ni juu yako.”

Halafu tukaunganisha reli. Mzunguko ulifunga. Treni yake ilibeba gololi tatu na kuuzunguka wote, ikachukua muda mrefu kiasi kwamba watu walipiga makofi kidogo wakaenda kula. Ikaanza mzunguko wa pili bila kuguswa na mtu.

Mkononi nilikuwa nimebaki na mota yangu na rimoti. Mashindano yalikuwa ya matofali na reli tu, kwa hiyo vilikuwa vyangu. Doto alikuwa anavitazama kwa jicho ambalo nililifahamu.

“Hiyo rimoti inaiambiaje irudi nyuma?” aliuliza. “Mimi nageuza nyaya kwa mkono.”

Nilimweleza, nikachora kwenye vumbi jinsi umeme unavyogeuzwa. Aliuliza tena, nikachora tena. Kisha nikampa mota.

“Yako inafika gurudumuni polepole na hii ni ya mbio,” nilisema. “Tukiziweka zote mbili kwenye kichwa kimoja, zitasaidiana au zitavutana?”

“Zitavutana,” alisema mara moja. Akaipima mota kiganjani. “Au ile ya mbio tuipunguze kwanza.” Alikuwa ameshachukua wembe na tyubu. “Shika hapa, mwalimu. Usikaze sana.”