Bima ya Noela

Sizunguki mbuyu: nilimwonea wivu mgonjwa wa saratani, na mgonjwa mwenyewe ni Noela, mdogo wangu wa tumbo moja. Mwenye kutaka kuziba masikio azibe sasa.

Tangu utoto Noela alikuwa na bahati ya kunikera. Mimi nilizaliwa nikapewa jembe, yeye akazaliwa akapewa sauti. Tuliolewa wote wawili hapa Nyaishozi, mimi kwa Yustus, yeye kwa Cleophace, na nyumba zetu zimetenganishwa na kibanja kimoja tu cha migomba. Kila jema lililoingia mlangoni kwake nililiona kwa macho yangu. Alipougua nikadhani sasa tutalingana. Wapi! Watu walimletea mikungu ya ndizi, maziwa, mayai ya kienyeji, hata kuku hai waliofungwa miguu. Kwangu hakuja mtu na kiganja cha maharage. Mimi nilikuwa mzima, na mzima nani atampelekea kuku?

Halafu ikaja safari ya Ujerumani. Kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri ilialikwa na usharika rafiki wa huko, waimbaji kumi na wawili, siku kumi na mbili, tiketi juu ya wenyeji. Mwalimu Lameck, anayetufundisha kwaya, aliyasoma majina baada ya ibada. Noela alikuwa wa kwanza, maana ndiye anayetuanzishia nyimbo. Langu alilisoma mwisho kabisa, peke yake, baada ya kukohoa.

“Na Agnetha atakuwa akiba ya Noela, endapo Noela hatajaliwa kusafiri.”

Akiba! Kama mbegu za maharage kwenye debe. Hata hivyo nilihangaikia pasipoti pamoja nao, na mnadani Omurushaka nikanunua koti zito la mtumba. Mume wangu nilimwambia ni la msimu wa mvua.

Hapa inabidi nieleze jambo la nyumbani kwetu. Noela aliondolewa titi miaka mitatu iliyopita, na akaamini saratani imekwenda nalo. Mwaka jana, mwezi wa nne, mgongo ukaanza kumuuma, nikampeleka Mwanza. Majibu yalipotoka daktari alichungulia mlangoni akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Nikaingia mimi. Akaniambia saratani imefika kwenye mifupa na haiponi tena, lakini kuna dawa za kuituliza, na mtu anaweza kuishi nayo miaka kadhaa akilima na kuimba. Nilimpigia simu mama yetu, anayeishi Bugomora kule Kyerwa, nikamweleza yote. Mama alisema neno moja.

“Asijue.”

Kwetu ndivyo ilivyo. Maneno mazito ya daktari hupokelewa na ndugu, mgonjwa anapokea uji. Basi siri ikawa ya watu watatu: mama, Cleophace na mimi. Noela tulimwambia kwamba dawa zile ni za kuimarisha mifupa. Akazimeza, akanenepa, akarudi kwenye kwaya na sauti ileile.

Sasa, viza ya Ujerumani haitoki bila bima ya safari. Waimbaji wengine walikatiwa zao Kayanga, kwa wakala mmoja wa bima aitwaye Apolinary, kila mtu dakika tano. Ya Noela ikakwama. Cleophace alipotaja saratani, kampuni iliyowakatia wenzake ikajibu kwa bei ya ng'ombe wawili wenye mimba. Cleophace ana ng'ombe mmoja, na huyo mmoja ni mzee. Nikaenda kumpa pole. Pole yenyewe ilikuwa ya mdomoni, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshapanda ndege nimekaa dirishani.

Siku ya tatu Cleophace akaja kwangu na tabasamu la sikio hadi sikio. Apolinary alikuwa amempa fomu ya kampuni nyingine ya bei nafuu, naye akaisoma mara tatu kwa kidole. Saratani iliyokwisha kutibiwa waliikubali. Kikwazo kilikuwa swali la kumi na moja: Je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa usiopona?

“Shemeji,” akaniuliza, “Noela aliambiwa lini?”

“Hajaambiwa.”

“Basi jibu ni hapana, na si uongo. Hata kanisani anaweza kuapa.”

Akampigia mama simu hapohapo, na mama akamshukuru Mungu aliyetupa akili ya kunyamaza mapema. Mwalimu Lameck alipoulizwa alikuna kichwa, akasema yeye ni mtu wa nyimbo, mambo ya fomu hayajui.

Mimi nilichemka. Siri niliyoibeba mwaka mzima, iliyonikosesha usingizi, leo inageuka kuwa tiketi ya Noela! Hata kufa kwake kulikuwa kunamfanyia kazi.

Nilijua pia, maana mimi si mjinga, kwamba bima ya namna hiyo ni karatasi tu. Akianguka huko wangeitisha faili lake la Mwanza, wangelisoma, wangekataa kulipa, na mwili wake ungekaa kwenye majokofu ya Wazungu wakati huku tunamngoja tumzike kibanjani. Hayo yote niliyajua. Ningesema kwamba nilimwonea huruma mngenisifu, lakini sikumwonea. Nilichokuwa nakiwaza ni lile dirisha la ndege.

Cleophace alikuwa na kahawa ya kuvuna, kwa hiyo akaniomba mimi nimsindikize Noela hadi Kayanga. Fomu lazima aijibu mwenyewe mbele ya wakala na kutia saini.

“Wewe kaa tu pembeni, shemeji,” akaniambia. “Ataulizwa, atajibu, mtarudi.”

Aliniamini. Watu wa kwetu huniamini ovyo.

Apolinary ni mtu wa makamo, mnene, mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimsomea Noela maswali kwa sauti, moja baada ya jingine, na Noela akajibu amenyoosha mgongo kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Sukari? Hapana. Shinikizo la damu? Hapana. Mimba? Akacheka. Walipofika la kumi na moja sauti ya Apolinary ilishuka, na macho yake hayakutoka kwenye karatasi.

“Hapana,” Noela akajibu haraka, na tabasamu juu.

Kalamu ikaenda kwenye kisanduku.

“Daktari aliniambia mimi,” nikasema. “Imeingia kwenye mifupa, Noela. Haiponi. Zile dawa zinaituliza tu.”

Sauti yangu ilitoka safi, haikutetemeka hata kidogo. Natamani ingetetemeka.

Noela aligeuka akanitazama. “Lini?”

“Mwaka jana, mwezi wa nne.”

“Mimi nilikuwa wapi?”

“Nje, kwenye benchi. Ulikuwa unakula chungwa nililokununulia.”

Apolinary aliweka kalamu chini, akasema anakwenda kununua vocha, akatoka. Simu yake aliiacha mezani.

Noela hakulia. Aliikunja mikono mapajani akawa anaiangalia.

“Mama anajua?”

“Anajua.”

“Na Cleophace?”

“Anajua.”

“Ndiyo maana ameacha kunigombeza,” akasema. “Mimi nilidhani ameokoka.”

Nikakaa nikingoja aseme yale niliyokuja kuyasikia: basi, dada, nenda wewe. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kukataa mara mbili kabla ya kukubali. Dakika zikapita, Apolinary akarudi bila vocha, akasimama mlangoni kama vile ofisi ni yetu.

“Ingia, baba,” Noela akamwambia. “Andika ndiyo. Halafu uniambie, mtu wa ndiyo anasafirije?”

Apolinary alivua miwani, akaifuta kwa shati, na nikaona amefurahi kabisa.

“Mama, mimi nilimweleza mumeo tangu mwanzo,” akasema. “Kuna kampuni Dar es Salaam inawakatia bima watu wanaoishi na saratani, hata hiyo isiyopona. Wanataka barua ya daktari kwamba hali yako imetulia, kwamba unaweza kupanda ndege, na kwamba huendi kule kutibiwa. Kwa vile siku ni chache na nchi ni moja, bei haifiki ya ng'ombe. Mbuzi wawili hivi. Ila muuguzi wao lazima azungumze na mgonjwa mwenyewe juu ya ugonjwa wake. Mumeo akasema mgonjwa haongei.”

Kumbe njia ilikuwepo siku zote, na kilichoiziba ni kule kumficha. Ningefunga mdomo wangu, Noela angeondoka na karatasi isiyo na maana. Kwa kuufungua, nimemkatia bima halali, tena kwa wivu wangu mwenyewe!

Muuguzi alipigiwa hapohapo. Apolinary aliiweka simu katikati ya meza, sauti nje, nami nikasikia kila neno. Sauti ya mwanamke, taratibu, yenye adabu za mjini. Aliuliza dawa gani, maumivu kiasi gani, kama Noela anapanda ngazi bila kupumzika. Kisha akauliza kwa upole kama anafahamu kwamba ugonjwa wake hauponi.

“Ninafahamu,” Noela akasema. “Tangu saa nne asubuhi ya leo.”

Muuguzi akamwambia pole, na wakaendelea. Mwishoni akamuuliza kama ana swali.

“Ninalo. Nikifa huko, mtanirudisha?”

“Tutakurudisha, mama. Hadi uwanja wa ndege wa Mwanza.”

“Inatosha. Kutoka hapo nina ndugu.”

Aliposema ndugu hakunitazama. Nilitamani sana anitazame, hata kwa ubaya.

Barua ya daktari ilipatikana ndani ya wiki, bima ikatoka, na viza ikafuata. Mama alisafiri kutoka Bugomora kuja kunisema. Shikamoo yangu aliiacha hewani, akaketi mkekani, akaniambia mbele ya Cleophace na Yustus kwamba nimemzika mwenzangu akiwa hai. Nilistahili kusemwa, ingawa si kwa kosa hilo. Noela ndiye aliyeninyanyua.

“Mwache dada, mama. Katika nyinyi wote ni yeye peke yake aliyemwogopa Mungu.”

Jumapili iliyofuata Mwalimu Lameck naye akayarudia hayo mbele ya usharika mzima, akataka nisimame. Nikasimama. Walinipigia makofi, na kina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na bado sehemu ya moyo wangu ilikuwa inahesabu kwamba Noela anapanda ndege siku ya Alhamisi na mimi sipandi.

Jumanne mchana nilimfuata uani kwake. Alikuwa anageuza kahawa juani, miguu peku juu ya turubai, anaimba chini chini wimbo wa kwenda nao. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

“Mimi sikumwogopa Mungu,” nikamwambia. “Pale kwa Apolinary nilitaka ukose bima ili niende mimi. Nimekuonea wivu wewe na ugonjwa wako, tangu mwanzo.”

Aliendelea kugeuza kahawa. “Najua, dada. Uso wako nimeusoma tangu nazaliwa.”

“Mbona sasa ulinitetea?”

Alijipangusa mikono kwenye kanga, akaja kukaa karibu nami kwenye kizingiti.

“Nikirudi nina kipimo Mwanza,” akasema. “Nataka tuingie kwa daktari wote wawili, mimi na wewe. Cleophace akiingia atamkonyeza. Mama atalia kabla mtu hajafungua mdomo. Wewe utakaa, tutasikia pamoja, na daktari akizungusha maneno utamwambia ayanyooshe.”

“Mimi? Niliyekufanyia vile?”

“Wewe hasa.” Aliitazama kahawa yake. “Tangu ile siku ninaona watu wanavyonitazama. Mama, mume wangu, hata Mwalimu Lameck. Wananitazama kama jeneza limeshaletwa. Chochote nikitaka wananipa, na hakuna anayenionea wivu kwa lolote, maana nani atamwonea wivu maiti? Ni wewe tu, dada. Wewe ukinitazama bado unaona mtu mwenye kitu unachokitaka.”

Nililia. Nililia vibaya, kwa kamasi, hadi watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Noela hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

“Na bado unakitaka?” akauliza.

“Bado,” nikasema.

“Vizuri,” akasema Noela. “Endelea.”