Zamu ya Mkroatia

Jumanne moja ya Machi, saa tatu asubuhi, maji ya bomba mjini Donja Lipa, Bosnia, yalitoka yakiwa na rangi ya udongo, kwa Wabosniaki, kwa Waserbia na kwa Wakroatia vilevile. Idara ya maji haikuwa na mkurugenzi tangu mwaka uliopita. Kiti hicho kilizunguka kati ya mataifa hayo matatu kila miaka minne; sasa kilikuwa zamu ya Mkroatia, na Mkroatia hakupatikana.

Dina Kalaba, mhandisi wa idara hiyo, alikuwa ameomba ukurugenzi huo. Kwenye fomu, palipoulizwa taifa lake, aliandika "Wengineo", yaani si mmoja wa hao watatu. Akikataliwa angehamia Austria, alikoahidiwa kazi. Hakutaka kwenda.

Zvonko Perković, kiongozi wa madiwani wa Kikroatia, alimfuata kwenye pampu.

"Binti, andika Mkroatia. Bibi yako si alikuwa wetu?"

"Na miaka minne ikiisha, Mzee Zvonko?"

"Zamu ya Waserbia. Babako Mserbia. Unabaki palepale."

"Halafu Wabosniaki."

"Si mamako huyo? Wewe Mungu kakupangia ukoo kama ratiba ya treni!"

Dina alicheka, akajifuta grisi mikononi. "Yaani niwe kila mtu, ila mimi mwenyewe nisiwe."

"Basi usinilaumu. Kura ya turufu tunayo."

Alhamisi baraza lilikutana kuamua ombi la Dina. Diwani mmoja wa kundi la Zvonko aliruka kitini. "Kiti chetu kinaliwa mchana kweupe! Leo maji, kesho shule!"

"Kaa, Mladen," Zvonko alisema, akamgeukia katibu. "Kwa upande wetu nani aliomba?"

"Mmoja, mheshimiwa. Kisha akajitoa."

"Jina?"

Katibu alikohoa. "Ante Perković."

Mtu alicheka nyuma. Dina, aliyekaa pembeni, hakuwa akijua kuwa Ante aliomba. Ante alikuwa mtoto wa pekee wa Zvonko.

"Yuko Ireland," Zvonko alisema. "Harudi, nimeshamuuliza. Tunalinda kiti, wa kukikalia tumemsindikiza uwanja wa ndege."

Mwenyekiti aliuliza kila kundi kama lingetumia turufu. Waserbia walisema hawatumii, Wabosniaki vilevile. Mladen alimvuta Zvonko mkono wa koti.

"Hatutumii," Zvonko alisema.

Madiwani kumi na saba walimkubali Dina, wanne walimpinga. Mchana ule alikabidhiwa funguo za chujio la maji.