Chumba Kisicho na Viti

Viti nilivitoa mimi mwenyewe. Vile vizito vya ngozi, vya chumba cha kupokelea mabalozi, nilivisukuma kimoja kimoja hadi kwenye korido, viatu nimevua. Meza ya chai nayo nikaiondoa. Kazi yangu wizarani ilikuwa itifaki: nani aingilie mlango upi, nani akae wapi. Asubuhi ile niliamua asikae mtu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli yetu ya mizigo. Injini ilizimika, mkondo ukawasukuma yeye na wenzake hadi kwenye maji ya nchi jirani, na jirani akawakamata kama wezi. Mara mbili balozi wao aliitwa kupokea malalamiko yetu. Mara mbili alizama kitini, akasifia chai, akachomekea utani, na Waziri wetu, mtu mwenye haya, akajikuta anacheka. Balozi akaenda zake ameshiba chai, mimi nikarudi nyumbani kumwambia mama mkwe, "Bado." Nilichoka na hiyo bado. Nilikuwa na hasira.

Waziri aliingia, akakuta zulia tupu.

"Mama, viti viko wapi?"

"Nimevitoa, mheshimiwa. Mume wangu na wenzake wanalala juu ya chuma."

Nikajua kazi sina. Lakini yeye alifunga kifungo cha koti, akaenda kusimama katikati ya chumba.

Balozi, aliyeitwa kwa mara ya tatu, akaja na tabasamu lake. Akapeleka mkono nyuma kutafuta kiti, akapapasa hewa.

"Ndugu yangu, leo hata chai hakuna?"

"Viti vitarudi meli ikirudi," Waziri akasema, kisha akamsomea malalamiko yetu, neno kwa neno, bila haraka yoyote. Nilisimama mlangoni nikiona utani unamwishia bwana mkubwa. Jamani, raha niliyoisikia!

Meli iliachiwa wiki ileile. Mume wangu alishuka bandarini amekonda, ndevu tele, na mama mkwe akamkumbatia huku anamgombeza kwa kuchelewa.

Kesho yake Waziri alinipigia simu. "Mama, miguu inaniuma. Vipi vile viti?"

Nikaenda kuvirudisha. Mume wangu alikataa katakata kubaki nyumbani, akaja kunisaidia kusukuma. Tulipomaliza akajipangusa jasho, akavitazama vyote.

"Cha balozi ni kipi?"

Nikamwonyesha. Akakaa, akanyoosha miguu, akaniomba chai.