Sura ya Saltanat

Zilibaki siku tisa mwaka wa msiba utimie, jiwe lisimame kaburini kwa Saltanat. Mchongaji wa mjini Naryn alitaka kitu kimoja tu: picha ya uso wake, aichore kwenye jiwe kama ilivyo kwenye makaburi mengine yote.

Picha! Kwa mtu kama Turdubek, ambaye kamera haikumtoka shingoni miaka ishirini, hilo nalo ni la kumnyima mtu usingizi? Basi lilimnyima. Alipiga picha kwa mapenzi tu, hakumtoza mtu: mvuke wa chai dirishani, viatu mlangoni, nguo zilizoganda barafu kambani, viganja vya mkewe vilivyojaa unga. Saltanat akipita mbele, humwambia, "Sogea kidogo, mama, unaniziba mwanga." Naye husogea.

"Shemeji," alisema Burul, dada mkubwa wa marehemu, akipekua boksi la tatu la picha, "mikono nimeiona, mgongo nimeuona, hata ndoo ya maziwa nimeiona. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Kwenye kitambulisho..."

"Si ulikirudisha mwenyewe ofisini walipokupa cheti cha kifo? Kichwani mwako mna nini, we mwanaume?"

"Ya harusi je?"

"Hapo ana miaka kumi na tisa, na kainama. Nani atamjua?"

Turdubek aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Burul alipotoka kwenda kukamua ng'ombe, alibaki akiikodolea macho picha ya ukutani, ile aliyojivunia kuliko zote: birika jipya linalong'aa, tone moja likining'inia mdomoni. Akaishusha. Akachukua kioo cha kukuzia, akalichungulia tumbo la birika.

Alijiona mwenyewe, kamera imemfunika uso. Nyuma ya bega lake alisimama Saltanat na vikombe viwili mkononi, akimsubiri amalize. Alikuwa akitabasamu. Wala hakuliangalia birika. Alikuwa akimtazama yeye.

"Maskini mke wangu," alisema Turdubek, akalia kama mtoto.

Kesho yake mchongaji aliigeuzageuza ile picha chini ya taa. "Kadogo, lakini nitakakuza. Sura ipo. Na huyu mzee wa mbele, nimwache?"

"Mtoe," alisema Turdubek. "Anamziba mwanga."