Magitaa Mawili ya Ubao Mmoja

Siku ya Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, Ustaz Swaka aliupasua ubao wa mahogani kwa msumeno mwembamba, akaufungua kama kitabu. Kwa kawaida majani mawili ya ubao mmoja hubandikwa ubavu kwa ubavu yakawa uso wa gitaa moja. Ubao huu ulikuwa mpana, kila jani lilitosha gitaa zima, na karakana yao ya magitaa, mtaa wa Hai Cinema, haikuwa na ubao mwingine mkavu. Ustaz akasema wanafunzi wake wawili watagawana.

Walianza mwaka wakiwa kumi na mmoja. Sasa walibaki dada mmoja, Awut, na kijana mmoja, Jubek. Magitaa ya umeme walikwisha kuyamaliza. Lilikuwa limebaki gitaa la mbao tupu, lisilo na waya wala spika ya kulisitiri, na hilo ndilo la mtihani. Atakayeshinda angebaki hapo kama fundi, mwenye meza yake na ufunguo wa karakana. Meza ilikuwa moja.

Awut alikulia Nakuru. Alifika kabla ya wote, akapima kila kitu mara tatu, akaandika vipimo kwenye daftari lenye jalada la nailoni. Jubek alikulia Arua na aliendesha bodaboda kutoka steji ya Hai Malakal. Alifika amechelewa, ananuka petroli, na hakupima. Aligonga mbao kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kidogo, kisha akakata, na alichokata kilikaa mahali pake. Awut alimchukia kwa hilo tu. Kwa mengine Jubek alikuwa mtu mwema. Siku za mvua alimpeleka nyumbani Thongpiny bila kuombwa, naye Awut alikaa nyuma ya pikipiki akimchukia mpaka mlangoni.

Ustaz alimwachia Jubek achague kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeubeba ubao kutoka sokoni. Jubek aligonga jani la kwanza, akagonga la pili.

"Hii," akasema. "Hii iko na mtu ndani."

Awut naye aligonga yote mawili. Alisikia mbao, mara mbili. Hakusikia tofauti yoyote, na hapo ndipo palipomuuma. Kila mmoja akaandika kwa penseli herufi ya kwanza ya jina lake mgongoni mwa jani lake.

Mchana Jubek alikwenda kumchukua abiria, Ustaz akaenda kula maharage. Awut alibaki na kipande cha msasa. Alizifuta herufi zote mbili, akaziandika upya kila moja mahali pa mwenzake, akapuliza vumbi. Kazi nzima haikuzidi muda wa kula chapati moja. Hakuwa na hakika kwamba jani lile lilikuwa bora. Alikuwa na hakika tu kwamba Jubek alilitaka.

Jubek aliporudi aligonga jani lake, akatulia, akatembea hadi mezani kwa Awut akagonga na la kwake.

"Ustaz, mbao yangu imehamia kwa Awut."

Ustaz alivaa miwani, akayageuza majani yote mawili. "Hapa imeandikwa J."

"Mimi nasikia, Ustaz."

"Na mimi nasoma. Kalas, imekwisha, fanyeni kazi."

Jubek alimtazama Awut. Awut alikuwa anapangusa randa ambayo haikuwa na vumbi. Basi Jubek akarudi kwenye jani aliloachiwa, akaanza kuliranda, na hakulisema tena jambo hilo kwa wiki saba, mbavu zikapindwa kwa moto, shingo zikachongwa, vanishi ikakauka.

Nyuzi zilifungwa Jumatatu. Awut alipiga uzi mnene na haukulia. Akapiga wa pili mpaka wa sita, nazo hazikulia. Alichukua kipimio akakagua daraja la nyuzi, akakagua shingo, akakuta kila kitu kiko sawa kwa unywele. Wakati huo Jubek, upande wa pili wa chumba, alimaliza kukaza nyuzi zake, akaupiga ule mnene. Sauti ilitoka kwenye gitaa la Awut, lililokuwa limelala mezani pasipo mtu kuligusa. Ilikuwa sauti ya joto, ya kumfanya mtu aweke kikombe chini asikilize. Jubek alipiga tena, na tena sauti ikatokea kwa Awut. Gitaa lake mwenyewe lilikaa kimya kama kiti.

Ustaz alisikiliza mpaka nyuzi zikatulia.

"Majani ya ubao mmoja," akasema. "Hutokea." Kisha akauliza ni nani aliyeichukua brashi yake ndogo.

Awut alilipeleka gitaa nyumbani, kwenye chumba alichopanga Thongpiny karibu na uzio wa uwanja wa ndege, akalitundika ukutani. Jubek naye akaenda na lake Hai Malakal. Chochote kilichogusa gitaa la Jubek kilisikika hapo. Siku moja gitaa lilitoa sauti ya matone kutwa nzima. Mvua ilikuwa inanyesha Hai Malakal na paa la Jubek linavuja, ilhali Thongpiny ilikuwa vumbi tupu. Siku nyingine alisikia kiganja kidogo kikilipigapiga, akajua bintiye Jubek ameamka. Na kila jioni Jubek alipotoka steji alipiga nyimbo za kanisani za Arua na nyingine zisizo na majina, kwenye gitaa ambalo yeye mwenyewe hakulisikia, na Awut akala chakula chake akisikiliza. Jubek alikuwa mpigaji mzuri sana. Awut aliona wivu mpaka dengu zikawa chungu mdomoni. Jirani alimsifu kupitia ukutani, akasema mwanamke huyu ana mkono. Awut akajibu ahsante.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Awut hakukonda. Mwezi ule alilegeza sketi zake mbili kiunoni.

Asubuhi ya mtihani Jubek alimpitia na pikipiki. Alizima injini kwanza.

"Dada Awut, sema tu kwa Ustaz. Atabadilisha, tutaandika upya. Mimi sitakasirika."

Awut alipanda, akaliweka gitaa mapajani. "Kwani ni nini ya kubadilisha? Kila mtu ako na herufi yake."

"Sawa," Jubek akasema, akawasha.

Mtahini alikuwa Madam Nyariek, kutoka shirika lililogharamia mafunzo. Alikuwa na fomu na mkutano mwingine saa sita, hivyo akaomba watahiniwa wote wawili wapige pamoja. Wakakaa kwenye viti viwili. Jubek alipiga, na Awut akapitisha vidole juu ya nyuzi zake kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo. Sauti ikajaa chumba, yote kutoka kwenye gitaa la Awut.

"Anayepiga ni huyu," Nyariek akasema, "na linalolia ni lile."

"Ndiyo, Madam," Ustaz akajibu. "Huyu kijana alisema mapema kwamba mbao yake ilihamishwa."

"Imeandikwaje?"

Ustaz akaingiza kioo kidogo kwenye tundu la gitaa la Awut, akamulika kwa tochi. Wote wanne wakainama. Ilikuwapo A, imekolezwa vizuri. Chini yake, ambapo penseli ya kwanza ilikuwa imekandamiza nyuzi za mti na msasa haukufika, ilikuwapo J. Ilisomeka bila taabu. Jubek alishusha pumzi. Awut alitazama viatu vyake.

"Naiona J," Nyariek akasema. "Lakini ya juu ni A." Akarudi kwenye fomu. "Hapa wanauliza, gitaa linalia au halilii. Hawaulizi la nani." Akatia alama kwa Awut, linalia. Akatia alama kwa Jubek, halilii. Akampa kila mmoja mkono, akaomba radhi kwa haraka yake, akaondoka.

Hivyo Awut akapata meza na ufunguo. Magitaa aliyotengeneza baadaye yalilia yenyewe, kwa sauti safi ya kitu kilichopimwa, na hakuna aliyeweka kikombe chini kwa ajili yake. Lile la ubao mmoja alilitundika ukutani ili wateja walisikie. Mteja akija, Awut humpigia simu Jubek stejini. Jubek huikata simu kwa kuwa anahitaji mikono yote miwili, hukaa juu ya pikipiki na gitaa lake, hupiga nyimbo mbili kimya kimya katikati ya wenzake wanaogombea abiria, na Hai Cinema mteja husikia, kisha huagiza. Jubek mwenyewe haingii karakanani. Aliyefeli haruhusiwi, na ufunguo anao Awut. Huu ni mwaka wa pili.

Kila mara akishapiga, Jubek hupiga simu kuuliza.

Jumamosi iliyopita alipiga kitu ambacho Awut hakuwahi kukisikia. Kilianza chini, polepole, kikapanda. Ustaz aliweka kikombe chini. Mama muuza chai alisimama mlangoni na birika mkononi, na mteja akasahau alichokuja kununua. Awut aligeuka ukutani akalia, akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Alijua kwamba angeishi miaka mia na kupima kila siku, kitu kile kisingetoka mikononi mwake. Kisha simu ikaita.

"Dada, leo imetoka namna gani?"

Nyuzi zilikuwa bado zinatetemeka. Awut aliziwekea kiganja juu zinyamaze.

"Kawaida tu," akasema.

"Malesh, samahani," Jubek akasema. "Kesho nitajaribu tena."

Kesho yake alijaribu tena, na ilikuwa nzuri kuliko ya jana.