Gurudumu la Nyuma

Baiskeli yenyewe ilikuwa fremu tu, ya chuma, aliyoachiwa na marehemu babake. Mwanzia aliiunda upya mwaka wa tisini na tisa, mkewe Mukai alipopata mimba, kwa sababu kule kwao ndani ndani ya Kitengela magari hayakuwa yakifika na hospitali ilikuwa mbali. Gurudumu la mbele alipewa na mjomba wake. La nyuma alilinunua kwa wauza vyuma vikuukuu Kiserian, na cheni ikatoka kwa fundi aliyefunga kazi. Keria ya kubebea mtu nyuma akaichomelea mwenyewe kwa nondo za mjengo, akafunga kipande cha godoro juu yake ili mkewe asiumie.

Angeachia hapo. Lakini vijana wa stendi walimcheka, eti baiskeli ya viraka, na Mwanzia hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akaipiga msasa yote, akaipaka rangi nyeusi hadi kwenye rimu na spoku, vile vijiti vya gurudumu, ionekane imetoka dukani. Aliionea fahari rangi hiyo, maskini.

Uchungu ulimshika Mukai asubuhi. Mwanzia akampakia, akaendesha polepole. Walipofika madukani, Gakuru muuza maziwa akawazuia. Alikuwa ameibiwa baiskeli mwezi huo, na macho yake yaliganda kwenye lile gurudumu la nyuma. Akauliza ni nani hupaka spoku rangi kama si mtu anayeficha kitu. Watu wakajaa. Mwanzia akaeleza habari ya Kiserian, lakini nani amsikilize? Neno mwizi likishatamkwa pale, mtu hushukuru akibaki na uhai.

"Mke wangu anazaa," alisema. "Nimfikishe kwanza, halafu mnichome mkitaka."

Wakamwambia asilete hadithi, wakamzaba makofi. Mukai alishushwa, akaketi kwenye changarawe akishika tumbo. Spana ilipatikana haraka ajabu. Gakuru akafungua gurudumu, akaenda zake nalo. Hapo ndipo kina mama wawili waliposhtuka, wakamzingira Mukai kwa leso zao. Mtoto alizaliwa palepale kando ya barabara, msichana, kamba ya kitovu imemzonga shingoni, na hakulia. Daktari alisema baadaye kwamba wangefika mapema angeokolewa.

Wiki hiyo hiyo baiskeli ya Gakuru ikapatikana Ewuaso Kedong, nzima, na magurudumu yake yote mawili. Gakuru akaja na aibu yake, gurudumu la watu begani na mtungi wa maziwa mkononi. Akasimama mlangoni, akasema alikosea, na kwamba atakuwa akileta maziwa kila asubuhi, mama apate nguvu. Mwanzia alikuwa na hasira ya kuua mtu, lakini hakumgusa.

Mukai alikuwa kitandani, kifua amekifunga leso kwa sababu ya maumivu, na leso imelowa. Hakumtazama Gakuru.

"Mwambie arudi na maziwa yake," alimwambia mumewe. "Maziwa niko nayo. Wa kunyonya ndiye hayuko."