Maua Arobaini ya Vrajlal

Kila alfajiri, kabla ya jua kuvuka minazi ya Msambweni, Vrajlal alisoma beti ishirini za Kisanskriti mbele ya miungu yake, na kila ubeti aliusoma kwa pumzi moja. Silabi thelathini na mbili, bila kukata. Ubeti ulipokwisha aliweka ua moja la asumini juu ya sinia la shaba, akavuta pumzi kwa pua huku kinywa kimefumbwa, kisha akauanza ubeti uliofuata.

Maua hayo yalitoka kwangu. Mume wangu alipofariki, Vrajlal alilifunga duka lake siku tatu kana kwamba msiba ulikuwa wake, na tangu hapo nilimpelekea maua ishirini kila asubuhi kutoka mti ulio nyuma ya nyumba yangu. Jirani yangu Jumwa alinicheka, akaniuliza kama siku hizi ninafuga mbuzi wa Kihindi anayekula asumini. Nilimjibu kwamba ua si sala. Sala ni ya yule anayesali.

Chumbani mwa ibada sikuingia hata siku moja. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko, mahali ambapo mlango ulimwonyesha Vrajlal kwa ubavu, nikasikiliza. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alinifundisha kwa ukali kwamba msomaji ana mahali pa kusimama na mahali asiporuhusiwa kusimama. Kwa hiyo nilimsikiliza mzee yule kama mshoni anavyotazama kanzu iliyoshonwa na mshoni mwenziwe. Maneno sikuyaelewa, lakini kazi niliielewa.

Siku moja alinieleza siri yake. Pumzi, alisema, haitoki kifuani. Hutoka chini ya kitovu, nayo haimwagwi yote mwanzoni bali hutiririshwa kwa kipimo kama maji ya birika yenye mdomo mwembamba.

"Mabega yakipanda, Biasha-ben," akaniambia, akiniita dada kwa lugha yake, "huyo si msomaji tena. Huyo ni mtu anayezama."

Nyumbani mwake walikuwa wamesalia wawili, yeye na Hansa, mkaza mwana wake. Mwanawe Kirit alikuwa ametangulia Uingereza. Baada ya uhuru Vrajlal alichukua uraia wa Kenya, maana alizaliwa hapa na marehemu mkewe alichomewa hapa kwa desturi yao. Vijana wale wawili wakabaki na pasi za Kiingereza. Ilidhaniwa kwamba jambo hilo la uraia lingeweza kungoja. Halikungoja. Mwanzoni mwa mwaka wa 1968 habari zilienea kwamba Waingereza walikuwa wakitunga sheria ya kuwazuia Wahindi wenye pasi zao, na Kirit akaandika barua baada ya barua akimsihi mkewe apande ndege kabla mlango haujafungwa.

Hansa alikuwa mwanamke wa wajibu. Alimjibu mumewe kwamba mkaza mwana hamwachi baba mkwe akiwa mgonjwa. Kama Bapuji, baba mkwe huyo, ni mzima, yeye Hansa atakuja, kama si mzima hatakuja, na asiombwe tena. Uzima wa mzee aliupima kwa jambo moja tu, nalo ni ile pumzi ya alfajiri. Tangu alipoolewa alikuwa ameambiwa kwamba msomaji asiyekatika pumzi hana ugonjwa ndani yake. Aliyemwambia hivyo ni Vrajlal mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba, mwaka uliotangulia, Vrajlal aliniomba maua arobaini.

Alimwambia Hansa kwamba ameweka nadhiri kwa ajili ya Kirit aliye ugenini: ua moja kwa kila nusu ya ubeti. Hansa alifurahi, akaniambia kwamba ibada ya mzee imezidi. Mimi nilikaa kizingitini nikaona kilichozidi. Alisoma nusu, akanyoosha mkono polepole kulichukua ua, akalitazama, akaligusisha kwenye paji la uso, akaliweka. Na katika mwendo huo wote alikuwa akivuta pumzi. Ua lilikuwa pazia. Baada ya ibada nilimfuata dukani nikamuuliza kifua chake kina nini. Hakukana. Alikuwa amekwenda kwa daktari Mombasa, akaambiwa mapafu yake yamechakaa wala hayana dawa. Akanitaka nisimwambie Hansa, kwa sababu akijua atabaki, na akibaki ataolewa na kaburi la mtu mwingine huku mumewe yu hai.

Nilinyamaza. Januari akaniomba maua themanini, moja kwa kila robo ya ubeti, nami nikayachuma, na mti ukabaki majani matupu upande wote ninaoufikia.

Safari ya Hansa ilipangwa kuwa Jumatatu ya mwisho ya Februari: gari la Mwero, dereva wa mtaani kwetu, hadi Likoni, kivuko, treni ya jioni hadi Nairobi, kisha ndege. Jumapili alasiri alinikuta nikifua. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaukunja ukingo wa sari yake, akaukunjua.

"Mama Biasha, wewe una sikio. Wengine watanidanganya. Bapuji ni mzima?"

"Unamsikia mwenyewe kila siku," nikamwambia.

Neno hilo lilikuwa la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli alilishika, akaenda kufunga sanduku lake.

Asubuhi ya Jumatatu nilifika na maua yangu themanini nikiwa nimeyafunga kwenye pindo la leso. Sinia lilikuwa limekwisha kupangwa. Hansa alikuwa amekuja mwenyewe kwenye mti wangu giza lingalipo, akapanda juu ya jiwe, akachuma matawi ya juu nisiyoyafikia. Maua ishirini.

"Leo kama zamani, Bapuji," alisema, akiwa amepiga magoti mbele yake. "Ubeti mmoja, pumzi moja, ua moja. Kama asubuhi ile nilipoletwa nyumba hii. Nataka niondoke na sauti hiyo."

Vrajlal alilitazama sinia, kisha akanitazama mimi. Siku mbili hizo alikuwa hajasema neno lisilokuwa la lazima, na usiku alilala ameketi. Nilidhani atasema kwamba nadhiri haivunjwi. Alinyoosha mgongo, akafumba macho, akaanza.

Beti saba za kwanza zilitoka safi. Jumwa mwenyewe, aliyekuwa akipita uani na mtungi, alisimama kusikiliza. Ubeti wa kumi na mbili kucha zake ziligeuka rangi ya zambarau. Hansa alikuwa amefumba macho na kuunganisha viganja, kama inavyowapasa kufanya, kwa hiyo hakuona. Ubeti wa kumi na saba mabega yalipanda. Nilikifungua kifundo cha leso. Maua yangu yalikuwa tele, na hatua tatu tu zilitosha kuyafikisha kwenye sinia. Lakini kuyafikisha kungekuwa ni kusema siri yake. Vrajlal alinisikia, akafumbua macho, akakitikisa kichwa kidogo sana, wala ubeti haukukatika.

Aliumaliza wa ishirini. Aliliweka ua la mwisho, na mkono ukabaki juu ya sinia kwa kuwa hakuweza kuuinua.

Hansa aligusa miguu yake. Mzee aliujaribu mkono ule mwingine, akamwekea kichwani, hakusema kitu, na Hansa akakihesabu kimya kile kuwa ni baraka. Nje Mwero alikuwa akipiga honi, akilalamika kwamba kivuko hakimngoji mtu. Mlangoni Hansa alinikumbatia. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, naye anatabasamu.

"Umesikia? Kijana wa miaka ishirini hawezi."

"Nimesikia," nikamjibu.

Gari lilikuwa halijafika barabara kuu Vrajlal alipoanguka kwa ubavu.

Aliishi hadi Jumatano alasiri. Nilikuwa nimetuma habari kwa wenziwe wa Mombasa waje na msomaji, maana kwao mtu anayekata roho husomewa beti zile zile, lakini hawakuwa wamefika. Hakuweza kuzisoma mwenyewe, na mwingine wa kuzisoma hapakuwa. Naye alijua kwamba kwa miaka ile yote ya kizingitini sikio langu lilikuwa limezihifadhi. Alinitazama, akaigusa midomo yake kwa kidole, kisha akanielekezea kidole hicho mimi.

Sikuzisoma. Mimi ni binti wa mwalimu wa Kurani, na ulimi wangu una sala zake. Nilimwambia hivyo waziwazi, naye akafumba macho kukubali, na tangu siku hiyo sijui kama nilitenda haki.

Niliingia chumbani kwake na maua ishirini. Nilizifuata beti kimoyomoyo, bila sauti, na kila mahali ambapo ubeti ungekwisha niliweka ua moja kifuani pake, ili ajue amefika wapi. Midomo yake ilikwenda nami. Baada ya ua la kumi na nne midomo ilisimama. Nilingoja muda wa pumzi moja, kisha muda wa pumzi nyingine. Maua sita yalibaki mkononi mwangu.

Wenziwe walifika magharibi, wakamchukua kwenda kumchoma Mombasa, na simu ya maandishi ikapelekwa kwa Kirit.

Barua ya Hansa ilinijia mwezi wa Aprili. Karatasi nzima, na katikati yake neno moja kwa mwandiko wake mzuri: *Ulijua?*

Nilikaa nayo siku mbili. Ningeweza kumwandikia juu ya nadhiri, juu ya wajibu, juu ya mzee aliyenifunga kinywa. Niliandika mstari mmoja, nikautia saini jina langu kamili, nikaupeleka posta mimi mwenyewe: *Nilijua tangu maua arobaini.*

Hakuniandikia tena.